Dripu kwa mgonjwa wa DKA bila kuumiza ubongo wala mapafu: mwongozo kamili wa saa 48 za kwanza

Mgonjwa ameingia, mashine ya sukari inaandika HI (sukari imepita kiwango inachoweza kusoma), anapumua kama aliyekimbizwa, ulimi umekauka. Dripu imefungwa, insulini imeanza, na baada ya saa sita sukari imeshuka hadi 14 mmol/L. Zamu nzima inatulia. Saa mbili baadaye mtoto analalamika kichwa, halafu haamki. Au ni mzee, naye anaanza kukohoa povu.

Kosa hili linajirudia wodini kwa sababu macho yote yako kwenye mashine ya sukari, na katika ketoasidosisi ya kisukari (DKA, pale mwili uliokosa insulini unapojaza damu asidi za ketoni) sukari ndiyo hutii haraka kuliko vyote. Ubongo na mapafu huharibika wakati sukari inapendeza. Uvimbe wa ubongo huwapata watoto chini ya 1 kati ya 100 wanaotibiwa DKA, lakini takriban robo ya wanaoupata hufa. Mara nyingi hutokea kati ya saa ya 4 na ya 12 tangu matibabu yaanze, ingawa wachache hufika tayari wanao na wengine huupata siku ya pili.

Mwongozo huu ni wa muuguzi, tabibu na daktari wa zamu jijini Dar es Salaam, pale ambapo majibu ya elektrolaiti (chumvi za damu kama sodiamu na potasiamu) yanaweza kuchukua saa kadhaa na umeme unaweza kukatika katikati ya kazi. Ndugu wa mgonjwa asijaribu dozi hizi nyumbani. Yeye asome hatua ya 5, maana huko kazi yake ni kubwa.

## Vitu vya kuweka kando ya kitanda kabla ya kuanza

- Kanula mbili, moja kila mkono. Moja ya maji, nyingine ya kuchukulia damu na ya dharura.
- Salaini (maji ya chumvi) ya 0.9%, angalau lita 2 kwa mtoto na lita 6 kwa mtu mzima. Ringa lakteti inafaa pia.
- Bureti (kikopo cha kupimia maji kwenye mrija wa dripu) au seti ya matone madogo (matone 60 kwa mL) kwa mtoto. Seti ya kawaida ya matone 20 kwa mL ni ya akiba.
- Insulini ya muda mfupi, ile angavu kama maji, na sindano za insulini za uniti 100. Chupa yenye ukungu haiingii kwenye mshipa kamwe.
- Ampuli za potasiamu kloridi. Soma lebo kila mara: mL 10 ya 15% ina mmol 20.
- Dextrose (glukosi ya dripu) ya 50% na ya 10%.
- Manitoli ya 20%, au salaini ya 3% (dawa za kupunguza uvimbe wa ubongo), iwe kitandani na si stoo. Manitoli huganda vipande vya fuwele ikikaa kwenye chumba chenye kiyoyozi. Inyanyue kwenye mwanga uitazame. Ikiwa na fuwele, ipashe kwenye maji ya moto hadi ziyeyuke, iache ipoe, ndipo uitumie.
- Mashine ya sukari na stripu zisizopungua 30, stripu za ketoni (za damu ni bora, za mkojo zinatosha), oksimita (kipimo cha oksijeni cha kidoleni), saa yenye mshale wa sekunde, tochi, kateta ya mkojo, mpira wa kupitisha puani hadi tumboni, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ikipatikana.
- Oksijeni ya mtungi hata kama kuna konsentreta (mashine ya umeme ya kutoa oksijeni). Umeme ukikatika, konsentreta inakuwa fanicha.
- Karatasi moja ya chati yenye mistari 48, mstari mmoja kwa kila saa.

Ukikosa manitoli na salaini ya 3% na mgonjwa ni mtoto, anza kupiga simu ya rufaa sasa hivi, kabla hajabadilika.

## Hatua ya 1: Thibitisha ugonjwa, pima uzito, andika hali ya ubongo

DKA kwa mtoto ni mambo matatu pamoja: sukari zaidi ya 11 mmol/L, ketoni za damu 3 mmol/L au zaidi (au mkojo wenye alama mbili kwenda juu), na asidi kwenye damu, yaani pH (kadiri inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi) chini ya 7.3 au baikaboneti (kinachopunguza asidi ya damu) chini ya 18. Kama kipimo chako kinasoma kwa mg/dL, gawanya kwa 18. Pasipo kipimo cha asidi, kupumua kwa kina na haraka huku kifua kikiwa safi na ketoni zikiwa nyingi kunatosha kuanza kazi.

Kifua safi. Usiliruke neno hilo. Watoto wengi wenye DKA huandikiwa nimonia kwa sababu tu wanapumua mbio, au malaria kali kwa sababu wanatapika na kuzubaa. Fanya kipimo cha malaria, ndiyo, lakini kipimo chenye majibu chanya hakifuti ketoni. Maambukizi mara nyingi ndiyo yaliyoamsha DKA, na yote mawili yatibiwe.

Pima uzito kwa mizani. Ikishindikana, kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 10 jumlisha umri na 4, kisha zidisha kwa 2: mtoto wa miaka 6 ni kg 20. Kila hesabu inayofuata inasimama juu ya namba hii.

Kisha, kabla ya tone la kwanza, andika hali ya ubongo: skeli ya fahamu ya Glasgow, au ya Blantyre kwa mtoto ambaye bado hajui kuongea vizuri, ukubwa wa mboni na namna zinavyoitika mwanga, mapigo ya moyo, presha, kasi ya kupumua na oksijeni. Usipoandika sasa, saa ya 6 hutajua kama usingizi ule ni mpya au alikuja nao.

Hatari zaidi: mtoto chini ya miaka 5, kisukari kilichogunduliwa leo, pH chini ya 7.1, urea iliyopanda, aliyeumwa siku nyingi kabla ya kufika. Hawa wapimwe ubongo kila dakika 30 kwa saa 12 za kwanza.

Umefanikiwa ukiona: chati ina mstari wa saa sifuri uliojaa, na mtu wa zamu inayofuata anaweza kuusoma bila kukuuliza.

## Hatua ya 2: Saa ya kwanza ni ya maji peke yake

Mtoto asiye na mshtuko wa damu: salaini mL 10 kwa kila kg, kwa dakika 30 hadi 60. Kwa kg 20 ni mL 200.

Mtoto mwenye mshtuko (mikono ya baridi, mapigo hafifu, damu inachukua zaidi ya sekunde 3 kurudi kwenye ukucha uliobonyezwa): mL 20 kwa kila kg, haraka iwezekanavyo, kisha mpime upya. Rudia kama bado.

Hapa kuna hofu mbili zinazovutana. Ya kwanza ni kwamba maji mengi yanavimbisha ubongo. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2018, lenye matukio 1,389 ya DKA kwa watoto, lililinganisha maji ya haraka na ya polepole, na salaini ya 0.9% na ya 0.45%. Kasi wala chumvi havikuleta tofauti kubwa ya madhara ya ubongo. Kwa hiyo usimnyime mtoto aliye kwenye mshtuko maji yake kwa kuogopa ubongo: ubongo usiopata damu ndio unaoanza kuumia. Jaribio hilo lakini lilifanywa kwenye hospitali zinazopima kila saa, kwa viwango vilivyopigiwa hesabu. Halikuruhusu dripu iachwe wazi hadi chupa iishe.

Hofu ya pili imetoka kwetu wenyewe. Jaribio la Kenya, Uganda na Tanzania la mwaka 2011 lilionyesha kuwa watoto wenye homa kali na mzunguko mbovu wa damu walikufa zaidi walipopewa maji ya haraka: 10.6% dhidi ya 7.3% ndani ya saa 48. Tangu hapo wengi wanaogopa kumwaga maji kwa mtoto yeyote. Lakini mtoto wa DKA amekojoa maji yake kwa siku kadhaa, amekauka kweli. Kama ana malaria kali, anemia kali au utapiamlo juu ya DKA, nenda kwa vipimo vidogo na umsikilize kifua baada ya kila kimoja.

Insulini isiguse mgonjwa katika saa hii. Kuianza mapema kumehusishwa na uvimbe wa ubongo, na isitoshe maji peke yake yatashusha sukari vya kutosha.

Baikaboneti iache kabatini. Huongeza kabonidayoksaidi, hushusha potasiamu, na inahusishwa na uvimbe wa ubongo. Huwekwa tu pale potasiamu ya juu inapotishia moyo, au pH ikiwa chini ya 6.9 na moyo unashindwa kusukuma.

Umefanikiwa ukiona: mapigo ya moyo yanashuka polepole, mikono inapata joto, mkojo unatoka. Kupumua kwa kasi bado kutakuwepo. Hilo ni sawa.

## Hatua ya 3: Piga hesabu ya maji ya saa 48, kisha hesabu matone

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, basi twende taratibu na mtoto wetu wa kg 20.

Kadiria upungufu: 5% kama hali ni nyepesi, 7% ya kati, 10% ikiwa kali. Yeye ni 7%. Kg 20 × 70 = mL 1,400. Toa zile mL 200 za saa ya kwanza, zinabaki 1,200. (Maji ya mshtuko hayatolewi kwenye hesabu hii.) Gawanya kwa saa 48: mL 25 kwa saa.

Ongeza mahitaji ya kila siku: mL 100 kwa kila kg ya kumi za kwanza, mL 50 kwa kg ya kumi za pili, mL 20 kwa kila kg inayozidi. Kwake ni 1,000 + 500 = mL 1,500 kwa siku, yaani mL 62.5 kwa saa.

Jumla: mL 87.5, tuseme 88 kwa saa.

Upungufu unaweza kurudishwa kati ya saa 24 na 48. Penye pampu na majibu ya sodiamu kila saa 2 hadi 4, kwenda haraka kunawezekana. Pasipo hivyo, chagua 48.

Sasa matone. Seti ya matone madogo ni rahisi: mL kwa saa ndiyo matone kwa dakika. Matone 88. Seti ya kawaida ya matone 20: gawanya kwa 3, yaani matone 29 kwa dakika. Hesabu kwa dakika nzima kwa saa yenye mshale, si kwa kukisia. Mtoto akikunja kiwiko matone hupungua, akinyoosha yanakimbia, kwa hiyo funga kibao mkononi na uhesabu tena kila saa. Bandika karatasi yenye alama za saa kwenye chupa. Kwenye bureti mimina maji ya saa moja au mbili tu: hata kizibo kikiachwa wazi, hakitaingia zaidi ya hapo.

Kila kinachoingia mwilini kinahesabiwa, ikiwamo dripu ya insulini na maji ya kinywani. Bibi akileta dafu kwa upendo, mweleze kwa heshima: dafu lina sukari na potasiamu nyingi, na hakuna aliyelipigia hesabu. Anayetapika au aliyezubaa asipewe kitu kinywani. Aliyepoteza fahamu awekewe mpira wa tumboni, maana tumbo la DKA hujaa na matapishi yakiingia kwenye mapafu unaanza vita nyingine.

Umefanikiwa ukiona: mwisho wa kila saa, kilichoingia hakitofautiani na kilichopangwa kwa zaidi ya mL chache, na mkojo ni angalau mL 1 kwa kg kwa saa.

## Hatua ya 4: Insulini, potasiamu na glukosi

Baada ya saa moja ya maji, anza insulini uniti 0.05 hadi 0.1 kwa kg kwa saa. Mtoto mdogo, au mwenye asidi nyepesi, mwanzie 0.05. Hakuna dozi ya kusukuma mara moja.

Pasipo pampu ya sindano, weka uniti 50 kwenye salaini mL 500. Sasa kila mL ina uniti 0.1. Mtoto wa kg 20 kwa 0.05 anahitaji mL 10 kwa saa, kwa 0.1 ni mL 20. Punguza kiasi hicho kwenye zile mL 88. Kwanza mwaga mL 20 hadi 50 kupitia mrija, kwa sababu insulini hunata kwenye plastiki na saa ya kwanza mgonjwa angepata maji matupu.

Kama huwezi kusimamia dripu mbili salama, DKA isiyo kali (pH 7.0 au zaidi, mzunguko wa damu mzuri) inaweza kutibiwa kwa insulini angavu chini ya ngozi, uniti 0.13 hadi 0.17 kwa kg kila saa 4. Kwa kg 20 ni kama uniti 3. Sindano iliyopangwa vizuri ni salama kuliko dripu ya insulini isiyo na mtu.

Potasiamu: insulini inaisukuma ndani ya seli, hivyo huporomoka saa chache baada ya kuanza. Ikiwa ya kawaida, weka mmol 40 kwa kila lita, yaani ampuli moja ya mmol 20 kwenye kila mL 500. Igeuze chupa juu chini mara kadhaa baada ya kuchanganya, la sivyo potasiamu hukaa sehemu moja na kuingia yote kwa mkupuo. Ikiwa juu ya 5.5, subiri akojoe. Ikiwa chini ya 3 kwa mtoto au chini ya 3.5 kwa mtu mzima, insulini isubiri potasiamu. Majibu yakichelewa, ECG inasaidia: mawimbi ya T yaliyochongoka ni potasiamu nyingi, yaliyolala bapa ni pungufu. Usizidi mmol 0.5 kwa kg kwa saa. Potasiamu haisukumwi kwa sindano kwenye mshipa, hata kidogo.

Sukari ishuke 2 hadi 5 mmol/L kwa saa. Ikifika 14 hadi 17, au ikiporomoka kupita kasi hiyo, ongeza glukosi. Usisimamishe insulini: sukari imeshuka lakini ketoni bado zipo. Kutengeneza mchanganyiko: chukua salaini mL 500, toa mL 50, ingiza dextrose ya 50% mL 50. Una glukosi ya 5% ndani ya salaini. Usibadilishe kwenda dextrose tupu isiyo na chumvi. Ndiyo njia ya mkato ya kushusha sodiamu.

Stripu za mkojo zitakudanganya hapa: zinaweza kubaki na alama nyingi saa kadhaa wakati mgonjwa anapona. Usiongeze maji wala insulini kwa sababu ya rangi ya stripu peke yake. Vivyo hivyo, baada ya lita nyingi za salaini baikaboneti inaweza kubaki chini kwa sababu ya kloridi, ilhali ketoni zimeisha.

## Hatua ya 5: Chunga ubongo kila saa

Ubongo ulikosa damu ya kutosha mgonjwa alipokauka. Damu inaporudi, mishipa iliyochoka huvuja. Sodiamu ikishuka wakati huohuo, maji yanapata sababu nyingine ya kuingia. Huwezi kuona hayo, ila unaweza kuona mambo haya.

Moja tu inatosha kuanza matibabu: kuitika vibaya kwa maumivu, mikono kujikunja au kujinyoosha kama mti, jicho kulemaa au mboni zisizolingana, kupumua kwa mpangilio wa ajabu (anaguna, pumzi inasimama, inaanza tena).

Kubwa, zikiwa mbili: fahamu zinazokuja na kuondoka, mapigo ya moyo kushuka zaidi ya 20 kwa dakika bila kuelezwa na usingizi wala maji, kujikojolea kwa mtoto aliyeacha.

Kubwa moja pamoja na ndogo mbili: ndogo ni kutapika, kichwa kuuma, uzito wa kuamka, presha ya chini (namba ya pili) kuzidi 90, umri chini ya miaka 5.

Dalili zilizokuwepo kabla ya matibabu zisomwe kwa makini. Kutapika kwa saa ya 1 si sawa na kutapika kunakoanza upya saa ya 8.

Mama aliyekaa kitandani ni kipimo bora kuliko skeli yoyote. Mwambie wazi: “Mama, kila nusu saa mwite jina, muulize kitu anachokijua. Akikuzubalia, asikutambue, aseme kichwa kinamgonga, au ukiona tu si yeye, niite hapohapo, hata kama nimelala.” Anaposema “huyu si mwanangu”, usimjibu kwamba amechoka alale. Saa nane usiku mtoto wa DKA aamshwe. Kulala fofofo si maendeleo hadi uthibitishe anaamka.

Na mtoto anayehangaika asichomwe diazepamu ili atulie. Kuhangaika ndiyo dalili. Utaifuta usiione, na unaweza kuzima pumzi anazozitegemea. Degedege ndilo jambo tofauti.

Sodiamu. Sukari ikishuka, sodiamu inapaswa kupanda, kama 0.5 mmol/L kwa kila 1 ya sukari. Hesabu ya sodiamu iliyosahihishwa: sodiamu + 2 × (sukari − 5.6) ÷ 5.6. Sodiamu 130 na sukari 30 ni sawa na 138.7. Kama saa 4 baadaye sukari ni 18 na sodiamu bado 130, iliyosahihishwa imeshuka hadi 134.4. Hiyo ni kengele. Hakikisha hakuna aliyetundika maji yenye chumvi kidogo, hesabu upya matone, mtazame mtoto.

## Hatua ya 6: Ubongo ukianza kuvimba

Dawa kwanza, CT (picha ya ubongo) baadaye. Picha ya mwanzo inaweza kuwa safi, na safari ya kwenda kwenye mashine inakula dakika ambazo ubongo hauna.

1. Pima sukari sekunde hiyo. Ikiwa chini ya 4, dextrose ya 10% mL 2 kwa kg, na uangalie kama anaamka.
2. Nyanyua kichwa cha kitanda nyuzi 30, shingo iwe sawa katikati. Oksijeni.
3. Manitoli gramu 0.5 hadi 1 kwa kg kwa dakika 10 hadi 15. Ya 20% ni mL 2.5 hadi 5 kwa kg. Mtoto wa kg 20 anapata mL 50 hadi 100. Tumia seti yenye chujio.
4. Badala yake, au isiposaidia, salaini ya 3% mL 2.5 hadi 5 kwa kg kwa dakika 10 hadi 15.
5. Rekebisha kasi ya maji ili presha isianguke. Kufunga dripu kabisa ni kosa: presha ikishuka, damu haifiki kwenye ubongo uliovimba.
6. Piga simu ya ICU (wodi ya mahututi).

Athari ya manitoli huanza kuonekana ndani ya dakika 15. Baada ya dakika 30 bila mabadiliko, rudia. Itamkojoza sana, hivyo kateta iwepo.

Kuweka mpira wa kupumulia kuwe kwa yule tu asiyeweza kulinda njia ya hewa. Pumzi zake za haraka zinafukuza asidi. Ukimlaza na kumpa pumzi za kawaida za mashine, kabonidayoksaidi inapanda, pH inaanguka, na ubongo unavimba zaidi.

Umefanikiwa ukiona: anaitika jina, mboni zinalingana, mapigo yanarudi ya kawaida. Athari ya manitoli hudumu kama saa mbili, kwa hiyo endelea kumtazama, dalili zinaweza kurudi.

## Hatua ya 7: Sikiliza mapafu

Salaini nyingi hupunguza nguvu ya protini inayoshikilia maji ndani ya mishipa. Ongeza moyo dhaifu, figo zilizochoka au maambukizi, na maji yanahamia kwenye mapafu. Hili huwakuta zaidi watu wazima, hasa wazee.

Kanuni ya wodini: pumzi za DKA zinapaswa kupungua kadiri asidi inavyoisha. Zikipungua halafu zikapanda tena, usiseme ni asidi imerudi kabla hujasikiliza kifua. Pumzi za asidi ni za kina, kifua safi, oksijeni nzuri. Pumzi za maji ni fupi, kuna mchakacho kama wa nywele zikisuguliwa, unaosikika sehemu ya chini ya mgongo pande zote mbili, oksijeni chini ya 94, mgonjwa hataki kulala chali. Povu la rangi ya waridi ni dalili iliyochelewa.

Oksimita isome kidole kisicho na hina, piko wala rangi ya kucha. Vinginevyo weka sikioni. Siku za Idi na harusi hili si jambo dogo Dar.

Ikithibitika: mkalishe wima, oksijeni, punguza dripu hadi kiwango kinachobeba insulini na glukosi tu, furosemaidi mg 40 kwenye mshipa kwa mtu mzima au mg 0.5 hadi 1 kwa kg kwa mtoto, kisha potasiamu ipimwe maana furosemaidi inaishusha pia. Insulini inaendelea. Presha ya hewa ya kusukuma kwa barakoa hufaa kama yuko macho na hatapiki.

Si kila pumzi mbaya ni maji. Upande mmoja wenye sauti mbaya na homa ni nimonia, ambayo huweza kuonekana kwenye picha baada tu ya mgonjwa kurudishiwa maji. Mguu uliovimba, hasa wenye kanula ya kinena, fikiria damu iliyoganda kwenda mapafuni. Pumzi dhaifu za juujuu kwa mtu aliyelegea mikono na miguu, pima potasiamu: misuli ya kupumua nayo inaishiwa.

## Kwa mtu mzima, hesabu ni nyingine

Presha ya juu (namba ya kwanza) ikiwa chini ya 90: mL 500 kwa dakika 10 hadi 15, rudia ukiangalia. Vinginevyo lita 1 kwa saa ya kwanza, lita 1 kwa saa 2, tena lita 1 kwa saa 2, lita 1 kwa saa 4, nyingine kwa saa 4, kisha moja kwa saa 6. Potasiamu kuanzia lita ya pili kulingana na majibu. Insulini uniti 0.1 kwa kg kwa saa. Sukari ikifika 14, dextrose ya 10% mL 125 kwa saa pamoja na salaini.

Ratiba hiyo haimfai kila mtu. Kijana wa miaka 18 hadi 25 mchukulie ubongo wake kama wa mtoto na upunguze kasi. Mzee, mjamzito, mwenye moyo au figo mbovu: mL 250 kwa mara, sikiliza kifua, ndipo inayofuata. Mgonjwa wa dayalisisi (anayesafishwa damu kwa mashine) asiyekojoa hajapoteza maji kwa mkojo. Lita sita zitamzamisha.

## Hatua ya 8: Rufaa

Mtoto chini ya miaka 5, fahamu pungufu, pH chini ya 7.1, au oksijeni isiyopanda: aende hospitali ya rufaa ya mkoa (Amana, Temeke, Mwananyamala) au Muhimbili, kwa mpango wa simu kabla ya gari kuondoka. Foleni ya jioni inaweza kugeuza nusu saa kuwa saa mbili, kwa hiyo panga kana kwamba utakuwa njiani saa mbili. Aende na muuguzi, manitoli iliyokwisha kukaguliwa, dextrose ya 10%, oksijeni na bureti yenye maji ya saa moja. Kama huwezi kudhibiti dripu ya insulini kwenye gari, bora isimame safari hiyo, maji yaendelee.

Kwenye barua andika saa ya kuanza maji, jumla ya mL zilizoingia, saa ya insulini, sukari na fahamu za kila saa. Nakili chati nzima. Neno “stable” halimsaidii anayepokea.

## Hatua ya 9: Kutoka kwenye dripu

DKA imeisha pH ikizidi 7.3, baikaboneti ikifika 18, ketoni za damu zikiwa chini ya 1, na mgonjwa anakula bila kutapika. Mchome insulini angavu chini ya ngozi saa 1 hadi 2 kabla ya kufunga ya mshipa, pamoja na chakula, na ile ya muda mrefu mapema zaidi. Ukifunga kwanza na kuchoma baadaye, ketoni zinarudi usiku huohuo.

Vipimo vya ubongo viendelee kila saa 2 hadi 4 mpaka saa 48 zitimie, hata kama mtoto ameshaanza kuomba chipsi.